Kamera Inayotazama Mashariki

Mbwa mmoja, watoto wawili na wazee wasiozidi tisa: hao ndio waliobaki wakimtazama Mzee Ndaki akicheza. Picha ya video ilipigwa kwa simu na kijana wa Bagalu mwenye hasira, lakini haikuficha kitu. Saa kumi alasiri, kwenye uwanja wa Samuye, umati uliomzunguka mwimbaji huyo mkuu wa Bagalu ulianza kumeguka. Walitangulia kina mama wawili, wakijifanya wanatafuta mtoto. Wakafuata watano. Kisha vumbi likatimka, watu wakahama kwa makumi kwenda kwa wapinzani wake upande wa pili, na mzee wa watu akabaki na jembe lake la kuchezea mkononi, akiziimbia nyasi.

Salvina Wiliam, mkurugenzi wa Runinga ya Ng'wezi, aliirudisha picha nyuma akaitazama mara ya nne, ofisini kwake Shinyanga mjini.

"Hawa wameitwa," alisema peke yake. "Watu hawaondoki hivi hivi. Kuna mtu kawaita."

Asiyezijua ngoma za Usukumani na aambiwe mapema asije akapotea. Pale hakuna jaji wala karatasi ya alama. Vyama viwili, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila kimoja na duara lake, na watazamaji wana miguu yao. Jua linapoinama, mwenye umati mkubwa ndiye mshindi, basi. Ndiyo maana kila chama kina mganga wake wa dawa ya mvuto, na ndiyo maana anayeshindwa hasemi ameshindwa, husema amefanyiziwa.

Ngoma hizo ndizo zilizompandisha Salvina. Alianza kazi Kahama akiburuta nyaya za runinga za kebo kutoka paa hadi paa, binti wa Kisumbwa kutoka Ushirombo, akichekwa kwa kupanda ngazi na gauni la kwendea misani. Akasoma salamu za pongezi, akasoma matangazo ya vifo, akazunguka Bugarama nzima akitafuta matangazo ya wenye mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu, akawa mhariri, akawa meneja. Runinga ya Ng'wezi ilipofunguliwa, miaka kumi na mmoja iliyopita, akapewa ukurugenzi, na wiki ya kwanza tu akaiambia bodi jambo lililowachekesha: tuwaonyeshe watu ngoma zao wenyewe, moja kwa moja, kila Jumamosi baada ya mavuno. Haukupita mwezi, kicheko kikakauka. Kuanzia Bulyanhulu hadi Geita, vijana wa Kisukuma waliokwenda kuchimba dhahabu walikuwa wakijazana kwenye mabanda ya runinga kutazama kwao.

Na sasa kampuni kubwa ya Dar es Salaam ilikuwa inataka kuinunua Ng'wezi, na kumfanya Salvina msimamizi wa vituo vyote vya Kanda ya Ziwa. Mwenyekiti wa bodi, Bwana Mihayo, alimpigia simu mwenyewe. Wanunuzi wataangalia matangazo ya Jumamosi hii, alisema, na wamesikia kuna manung'uniko kwenye ngoma. "Safisha nyumba, mama," alisema. "Sitaki aibu."

Manung'uniko yenyewe yalikuja kwa miguu Jumatatu mchana, yamevaa koti jeusi na kofia ya pama. Salvina alisimama kumpokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu, mama. Mwadila, za mchana." Mzee Ndaki alikaa kwenye ukingo wa kiti. "Sikuja kulia. Nimekuja kuomba ruhusa ya kuchimba."

"Kuchimba wapi tena?"

"Pale mnaposimamisha jukwaa la kamera. Kuna kitu kimefukiwa pale." Aliinua mkono kumzuia asicheke. "Ngoja. Kabla ya runinga yenu nilishinda miaka saba mfululizo. Tangu mje, hata mara moja. Mwaka wa kwanza nikamfukuza mganga wangu. Mwaka wa tatu nikawafukuza wapiga ngoma watatu, mmoja wao mdogo wangu wa tumbo moja, nikidhani wao ndio wanaouza siri zangu. Sasa nimebaki na nani wa kumfukuza? Nimekaa, nimefikiri. Mtu wenu yule, Donatus, ameshika upande. Kama hakufukia yeye, ameruhusu kifukiwe."

Salvina alimpa ruhusa ya kuchimba. Dawa hakuziamini, alikuwa Mkatoliki aliyesomeshwa na masista, na mambo ya kufukia fukia aliyaona ya kitoto. Lakini lile neno, ameshika upande, mzee alipoondoka lilibaki. Mambo ya kufukiwa ni upuuzi. Kushika upande si upuuzi hata kidogo, jamani. Miaka yote ya utangazaji alikuwa amewaona watu wakishikishwa upande kwa soda moja.

Akafunga mlango, akachukua kanda za Jumamosi zilizopita, akaanza kuhesabu dakika. Katika kila saa moja ya matangazo, Bagika walionekana dakika hamsini na mbili, Bagalu tano, wanapopita tu mbele ya jukwaa, na zilizobaki ni za mtangazaji. Akarudi mwaka jana: hivyo hivyo. Akarudi mwaka juzi: hivyo hivyo, kana kwamba mtu amepima kwa kamba. Moyo ukamlipuka. Aliyekuwa akiamua kamera itazame wapi, kila Jumamosi kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa Donatus, mkuu wa matangazo ya nje. Donatus yuleyule aliyemshikia ngazi Kahama.

Justa, meneja masoko, ndiye aliyemalizia kazi. "Mama, mimi sikutaka kusema," alianza, na wanaoanza hivyo huwa wametaka kusema siku nyingi. "Nenda Lubaga ukaone zizi la Donatus. Ng'ombe sita, wameingia mwezi huu. Na aliyewaleta anatoka Samuye, ni mtu wa Bagika kindakindaki."

Salvina alikwenda. Hakushuka garini. Aliwaona kupitia uwazi wa ua, wekundu wanne, weusi wawili, wamenenepa, wakicheua bila wasiwasi wowote. Alirudi ofisini, na chakula cha mchana hakukigusa.

Jumanne asubuhi alimwita. Donatus aliingia kama kawaida yake, shati limenyooka, vipokea sauti vikining'inia shingoni. Alikuwa na miaka hamsini na mitano, na parokiani ndiye msomaji wa Misa ya kwanza.

"Baba Monika," Salvina alisema, "wale ng'ombe sita wametoka wapi?"

Donatus hakushtuka. Alitazama meza. "Wametoka ukweni. Monika anaolewa. Kadi yako iko hapo chini ya kalenda, niliileta wiki tatu zilizopita."

Salvina aliinua kalenda. Kadi ilikuwepo, haijafunguliwa. Mtu mwingine angeona haya, akaomba radhi, wakacheka, yakaisha. Yeye aliifungua, akasoma jina la baba wa bwana harusi, na jina likamwongezea moto.

"Mkwe wako ni Mgika, mtu wa Bagika."

"Mkwe wangu ni Mkristo mwenzangu. Ngoma ni zake."

"Na hizi dakika tano za Bagalu? Hamsini na mbili kwa tano, Baba Monika! Miaka yote! Nani alikwambia kamera itazame upande mmoja?"

Hapo Donatus alimtazama, na uso wake ukabadilika. Kilichoonekana hakikuwa woga. Alionekana mtu aliyeumia, na Salvina, aliyekuwa amekwisha kuamua, akasoma hatia.

"Ripoti zangu unazo," Donatus alisema.

"Nakuuliza wewe, siulizi ripoti."

"Nimefanya kazi na wewe miaka ishirini na sita, Mama Agapiti. Kama jibu la swali hilo hulijui wewe, mimi sina la kukujibu."

Ilitosha afumbue kinywa aseme sentensi moja tu, mambo yakaisha. Lakini alikuwa na kiburi chake, kiburi cha watu wasioiba, nacho kinaumiza kuliko vingine. Na Salvina hakuzitafuta hizo ripoti. Ripoti za kitengo cha nje huandikwa mwishoni mwa msimu, hupigwa muhuri, huingia kabatini. Nani anazisoma?

Jumatano alimpa barua ya kusimamishwa kazi. Donatus alisaini nakala, akaweka mezani funguo za gari la matangazo, akavua vipokea sauti shingoni akavitundika kwenye msumari taratibu.

"Jumapili nina somo la kwanza," alisema akiwa mlangoni, bila kugeuka. "Parokia nzima itakuwa imesikia. Sijui nitasimamaje pale mbele."

Kweli walisikia. Siku ya Alhamisi habari ilikuwa imefika sokoni, na Ijumaa vijana wa Bagalu walipita mbele ya nyumba yake Lubaga kwa pikipiki wakipiga honi na kuita mwizi, mwizi. Mkewe aliingiza nguo ndani zikiwa bado zina maji.

*

Salvina alikuwa na mpango wake, na aliupenda. Kama Donatus ndiye aliyekuwa akiwahujumu Bagalu, basi Jumamosi hii, akiwa hayupo, umati utabaki. Huo ndio utakuwa ushahidi wa kumpelekea Mwenyekiti. Kwa hiyo hakwenda kwenye gari la matangazo. Alijifunga kanga, akajitanda nyingine kichwani, akaenda Samuye kwa gari la kukodi, akakaa chini kwenye nyasi upande wa Bagalu, katikati ya kina mama wenye mitandio na watoto mgongoni. Hakuna aliyemtambua. Wanamjua kwa jina. Uso wake haujawahi kuonekana kwenye runinga yake mwenyewe.

Vijana wa Bagalu walikuwa wamechimba asubuhi. Chini ya mahali pa jukwaa walipata betri mbovu ya kamera na vizibo vitatu vya soda. Vizibo walivitupa. Betri waliifunga kwenye kitambaa chekundu wakaipeleka kwa mganga kwa heshima zote.

Saa tisa ngoma zikalia. Bagika upande wa mashariki, Bagalu upande wa magharibi, kama walivyogawana wazee tangu zamani, na katikati jukwaa la kamera, juu yake Loveness, msaidizi wa Donatus, mwanamke makini asiyependa maneno. Na Mzee Ndaki, weee! Salvina alikuwa hajawahi kumwona kwa macho, alikuwa amemwona kwa dakika tano za kila saa. Mzee aliingia duarani akiyumba kama anayetaka kuanguka, watu wakabana pumzi, kumbe ndio anaanza. Jembe likaruka hewani likadakwa nyuma ya mgongo. Aliimba juu ya mke aliyemkasirikia mumewe akampikia ugali wa kutosha kijiji kizima, ili amfilisi, na watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Salvina alicheka nao, Kisukuma chake cha kuokoteza kikamtosha. Umati ulikuwa mkubwa, nao haukutikisika. Saa tisa na nusu. Saa kumi kasorobo. Moyoni alikuwa amekwisha kuanza kuitunga taarifa ya kwenda kwa Mihayo.

Saa kumi ikafika. Kina mama wawili wakainuka.

Wakainuka wengine wanne. Mama aliyekaa ubavuni mwake, mwenye kitenge cha bluu, naye akaanza kujikung'uta nyasi. Salvina akamshika pindo la nguo bila kufikiri.

"Mama, unakwenda wapi? Ngoma bado tamu."

"Tamu kweli. Huyu mzee hana mfano," mama alijibu akichungulia mashariki. "Niachie nguo, mwenzangu. Nakwenda kuonekana."

"Kuonekana na nani?"

"Na mwanangu, Denis. Yuko Geita shimoni, mwaka wa nne huu. Kurudi anaona haya, hajapata kitu. Saa kumi ndipo wanapopanda juu, anakwenda banda la runinga, ananitafuta kwenye picha. Akiniona ananipigia: mama, leo umevaa kile kitenge cha bluu. Basi, tunalala tumetulia, yeye na mimi." Alishusha sauti. "Siku moja nilinogewa nikabaki hapa kwa Ndaki. Mtoto alipiga simu analia, akidhani nimekufa."

"Lakini ungeweza kuonekana ukiwa hapa hapa."

Mama alimtazama kama anayemhurumia. "Wewe ni mgeni? Kamera haigeukii huku. Hawa wote unaowaona wanaondoka, wana watoto wao Bugarama, Nyarugusu, Geita. Unadhani tunawapenda wale Bagika? Wana kelele tu."

"Na Mzee Ndaki anajua?"

"Nani atamwambia mtu mzima anaachwa kwa sababu ya picha? Ukimwambia si utamuua?" Akajivuta, akachomoa nguo yake, akaondoka mbio mbio na wenzake.

Salvina alibaki amekaa. Duara lilikuwa likimeguka mbele yake, kwa macho yake, na Donatus alikuwa nyumbani kwake Lubaga. Hakuna aliyeitwa. Hakuna aliyehongwa. Watu walikuwa wanawafuata watoto wao.

Kisha akakumbuka, na kumbukumbu ilikuja na sauti yake mwenyewe ndani yake. Jumamosi ya kwanza kabisa, miaka kumi na mmoja iliyopita, alikuwa ndani ya gari la matangazo. Kamera iligeuzwa magharibi, ikakutana na jua la alasiri, picha yote ikawa nyeusi, na mdhamini akapiga simu akifoka. Salvina alishika kipaza sauti akapiga kelele mpaka wafanyakazi wakaruka: "Donatus, toa kamera kwenye jua! Isitazame magharibi tena mpaka niseme mimi!"

Hakusema tena. Wala hakukumbuka kwamba alikuwa na la kusema. Nani alikwambia kamera itazame upande mmoja: ndivyo alivyomuuliza Jumanne, amekunja uso, kidole mezani.

Aliinuka. Alivuka uwanja akipishana na watu, kanga ya kichwani ikadondoka asiiokote, akapanda ngazi ya jukwaa. Loveness aliruka.

"Mkurugenzi! Umetokea wapi?"

"Geuza kamera. Magharibi."

"Mama, jua. Picha itakufa. Na wale wa Dar wanaangalia, Bwana Mihayo kapiga simu mara mbili."

"Geuza, Loveness."

Loveness aligeuza. Kamera ile kubwa ilizunguka polepole juu ya mguu wake, na uwanja mzima ukaona. Kwa muda wa kupumua mara mbili hakuna aliyesogea. Kisha watu wakageuka na kumiminika, kina mama mbele, vumbi nyuma, wakampitia jukwaani wakikimbilia kwa Mzee Ndaki, na mzee alipowaona wanakuja aliacha kuimba. Akasimama mdomo wazi. Vijana wake walikuwa wakirukaruka wakipiga kelele kwamba dawa imetolewa, betri imetolewa! Mzee akainua jembe kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, na machozi yakimtoka waziwazi, akaanza upya.

Miaka kumi na mmoja aliyoipoteza mzee ikawa imefutwa kwa kugeuza mkono. Salvina alitazama kioo kidogo pembeni ya kamera. Ndani yake hakukuwa na nyuso. Palikuwa na weupe wa jua na mbele yake vivuli vyeusi vikirukaruka, vyote sawa. Kimoja kilikuwa kimesimama karibu kabisa na kamera, kinapunga mkono, kinapunga tu. Kitenge kile cha bluu hakikuonekana kuwa cha bluu.

Simu zilianza kulia kwenye gari la matangazo. Geita wanapiga, Kakola wanapiga: mbona hatuwaoni? Salvina akampigia Donatus. Ilipokelewa mlio wa kwanza.

"Umeigeuza," Donatus alisema. "Mke wangu alidhani runinga yetu imekufa."

"Baba Monika, ilikuwa amri yangu."

Donatus alipunguza sauti ya runinga yake.

"Nilikuandikia mara tatu," alisema, bila ukali. "Kwamba watu wanaifuata kamera, kwamba inatakiwa kamera ya pili, itazame Bagalu kutoka upande wa jua. Mara zote tatu uliandika pembeni: Nimeona. Ukatia saini."

"Nisamehe. Njoo Jumatatu, barua ile nitaichana."

"Jumatatu ni mambo ya ofisini. Mimi sikuitwa mwizi ofisini, Mama Agapiti. Niliitwa mwizi hapo uliposimama, na barabarani, na mwanangu anaolewa wiki ijayo. Kesho asubuhi nasimama mbele ya altare. Wewe unajua pa kulisemea. Usinifanye nikufundishe kazi."

Akakata simu.

Salvina alijua pa kulisemea. Alijua pia nani wanaangalia. Kusema hewani kwamba mashindano yote yalipinda kwa amri yake, kwamba ushindi wote wa Bagika ulikuwa wa jua, ni kukiua kipindi, na wanunuzi hawanunui kituo kilichojichoma kisu chenyewe. Kanda ya Ziwa ingeondoka na sentensi moja. Simu ilitetemeka mkononi: Mihayo. Aliitia mfukoni ikiendelea kutetemeka.

"Nipe kipaza sauti," alimwambia Loveness. "Nataka kuongea, nionekane."

"Ukionekana hapa utakuwa kivuli, Mama. Ukitaka wakuone uso, uende upande wa mashariki, na mimi nigeuze kamera. Nikigeuza, watu watamwacha tena yule mzee."

Salvina alitazama magharibi. Mzee Ndaki alikuwa anacheza vizuri kuliko siku zote alizowahi kucheza, na watu walikuwa wamemzunguka kwa safu nane, kumi, wengine wamepandisha watoto mabegani. Alitamani kumpa nusu saa, nusu saa tu. Lakini matangazo yalibakiza dakika kumi na tano, na katika dakika ya kumi na sita Donatus angekuwa mwizi kama jana.

"Geuza," alisema, na sauti yake haikumfurahisha.

Alishuka, akatembea hadi mashariki, akageuka akalikabili jua. Lilimpiga usoni asione kitu isipokuwa mng'ao na vumbi. Aliwasikia tu: miguu mingi ikija, kina mama wakihema, wakijipanga kulia na kushoto kwake, wakirekebisha mitandio yao ili waonekane. Mtu mmoja alimsukuma kwa kiwiko kidogo apate nafasi. Upande ule mwingine ngoma zililia zikapungua, zikabaki mbili, ikabaki moja, kisha nayo ikanyamaza.

"Uko hewani," Loveness aliita.

Alikuwa ameandika maneno ya wengine kwa miaka ishirini na sita. Ya kwake yalitoka yamekatika katika. Alisema jina lake. Alisema Donatus Benjamini hakuhongwa na mtu, hakufukia kitu, hakushika upande. Alitii amri, na amri ilikuwa ya mkurugenzi, na mkurugenzi alionywa mara tatu kwa maandishi asisome. Alisema kwa nini watu walikuwa wakihama saa kumi. Baadhi ya kina mama waliinamisha vichwa.

Kisha safu ya mbele ikapasuka, na Mzee Ndaki akaja. Alikuja polepole, jembe begani, jasho likimtiririka mpaka kidevuni, watu wakimpisha kama wanavyompisha mfiwa. Alisimama mbele ya Salvina, akamtazama, akaitazama kamera, akamtazama tena.

"Mdogo wangu nilimfukuza," alisema.

"Najua, mzee."

"Miaka minane sijamsalimu. Sasa niambie wewe mwenye mashine. Miaka yote ile, mayu, mimi nilikuwa nashindwa, au nilikuwa sishindwi?"

Salvina alifungua kinywa. Kipaza sauti kilikuwa kati yao, na Loveness alikuwa ameshikilia picha, hasogei. Mpaka Geita walikuwa wakisubiri jibu.

"Sijui, baba," alisema.